Maji ya Kifuu ni Bahari ya Chungu: Kina cha Mchanga katika Tangi la Maji ya Bahari

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali katika idara ya maji, iliyotolewa kwenye mkutano wetu wa mwaka katika bwalo la shule.)



Kamati imenipa dakika ishirini nieleze jambo ambalo kwa wengi wenu litaonekana dogo. Jambo lenyewe ni hili: mchanga unaowekwa chini ya tangi la samaki wa baharini uwe na kina gani? Najua wapo waliokwisha kutazama saa zao. Lakini mezani mbele yenu ipo karatasi ya michango ya kufufua tangi la kioo la maabara ya biolojia. Kabla hamjaandika majina yenu, ni haki yenu kujua lile la kwanza lilikufaje. Na mtu anayepaswa kuwaeleza ni mimi, kwa sababu nilikuwamo.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2014 tuliona aibu. Shule yetu inatazama bahari. Sisi wenyewe tuliogelea pale chini wakati wa maji kujaa, tena siku ambazo haikuruhusiwa, na fimbo tulizila. Hata hivyo somo la viumbe wa baharini lilifundishwa kwa picha za kitabuni. Tukachangishana, tukanunua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 50. Likajazwa maji ya bahari, yakawekwa mawe, mchanga, pampu na taa. Samaki wakaja kidogo kidogo. Kwa muda wa miaka miwili wanafunzi walijazana pale kila mapumziko, na mwalimu wa biolojia aliniambia kwamba hajapata kuona vijana wakigombea kuingia maabara.

Halafu ikafika likizo ya Juni mwaka 2016. Asubuhi moja samaki wote walikutwa wamekufa. Maji yalikuwa na rangi ya tope, na chumba kizima kikinuka mayai yaliyooza. Ilisemwa kwamba mtumishi wa maabara alizembea. Akaandikiwa barua ya onyo, akavuliwa kazi ya tangi pamoja na posho yake ndogo, na mwaka 2017 akastaafu akiwa na barua hiyo katika jalada lake.

Ndugu Mwenyekiti, nitarudi kwenye barua hiyo mwishoni. Kwanza hapana budi tuuelewe mchanga.

Mchanga hufanya kazi gani?

Katika kazi yangu ya maji, mchanga ni chujio. Twajua kwamba mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga chujio la mchanga mjini London kwa ajili ya kampuni ya maji ya Chelsea, na tangu hapo miji mingi duniani imekunywa maji yaliyopitishwa mchangani. Yapo machujio ya namna mbili. Moja ni la mwendo wa haraka. Hilo likijaa uchafu, maji husukumwa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu mpaka mchanga wote utibuke na kuoshwa. Jingine ni la mwendo wa polepole. Hilo halitibuliwi. Juu ya mchanga wake huota utando wa viumbe wadogo sana, na utando huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha. Likiziba, huparuliwa sentimita moja au mbili za juu tu, na mchanga wa chini huachwa ulivyo.

Mchanga wa tangi la samaki wafanana zaidi na lile la pili. Ni makazi ya viumbe kuliko kuwa kichujio cha takataka.

Sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda. Samaki hula, na akila hutoa uchafu. Uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki, hutoa amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Katika tangi haina pa kwenda. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na samaki wa kwenye tangi ndiye chungu mwenyewe: kikombe kimoja cha uchafu, ambacho bahari isingekihisi, kwake ni gharika.

Kinachomwokoa ni bakteria. Wapo bakteria wanaohitaji oksijeni, ambao hukaa juu ya mawe na katika tabaka la juu la mchanga. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Wenzao huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati si kali kama hizo mbili, lakini ikirundikana hulisha mwani mpaka kioo kikawa kijani, na huwadhoofisha viumbe wa matumbawe.

Kuna njia mbili kubwa za kuiondoa nitrati hiyo. Ya kwanza ni ya ndoo: unatoa maji ya zamani, unatia maji mapya. Ya pili ni kuwapa nafasi bakteria wengine, wale wanaofanya kazi mahali penye oksijeni kidogo mno au pasipo na oksijeni kabisa. Hao huivunja nitrati na kuifanya gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda kama povu na kurudi hewani. Bakteria hao hukaa ndani ya mawe yenye vitundu, na hukaa chini kabisa ya mchanga wenye kina. Hapo ndipo swali la sentimita linapoanza.

Kina kifupi na kina kirefu

Wanaofuga samaki wa baharini wamepita njia mbili zinazoeleweka.

Njia ya kwanza ni mchanga mfupi, sentimita 1 hadi 3. Mchanga wa namna hiyo hupata oksijeni karibu wote. Hauondoi nitrati nyingi, wala hatuutegemei kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kuwapa makazi bakteria wa juu, kuwapa samaki chini panapofanana na kwao, na kupendeza macho. Lakini una sharti lake: usafishwe. Kila unapobadilisha maji, unaingiza mpira wa kunyonyea mchangani, uchafu unapanda na maji machafu, na punje zinarudi chini. Hufanyi tangi zima kwa siku moja. Unafanya robo yake leo na robo nyingine wiki ijayo, ili usiwabughudhi bakteria wote kwa mara moja.

Njia ya pili ni mchanga mrefu, sentimita 10 hadi 15. Hapo juu pana oksijeni, chini hapana, na katikati mambo hubadilika polepole. Kazi ya kuondoa nitrati hufanyika humo humo. Wazo la kuitegemea asili badala ya mashine si geni. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alichapisha maelezo ya jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa kutumia mawe hai, mchanga na povu la hewa tu. Baadaye Mfaransa Jean Jaubert, aliyefanya kazi zake huko Nice na Monaco, akabuni tangi lenye mchanga mnene uliowekwa juu ya wavu, chini yake pameachwa nafasi ya maji yaliyotulia. Na huko Marekani mwanabiolojia Ron Shimek akaandika sana kuhusu mchanga mrefu usio na nafasi hiyo chini, wenye minyoo na viumbe wengine wadogo wa kuuchimbachimba.

Njia hii nayo ina sharti lake, tena ni kinyume kabisa cha la kwanza: usitibuliwe. Katika tabaka la chini lisilo na oksijeni hutokea pia gesi ya haidrojeni salfidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gesi hiyo ni sumu. Ikikutana na madini ya chuma huufanya mchanga kuwa mweusi. Mchanga ukiachwa umetulia, kiasi kinachopanda hukutana na oksijeni katika tabaka za juu na kugeuzwa kabla hakijawafikia samaki. Ukiingiza mkono na kukoroga, umevunja mlango wa gereza. Gesi hutoka yote pamoja, na uchafu uliozikwa kwa miezi huibuka na kuinywa oksijeni iliyomo majini kwa muda mfupi.

Aidha, mchanga mrefu wataka punje ndogo, kati ya robo milimita na milimita moja hivi. Punje kubwa kama za kokoto huacha mianya, na uchafu hutumbukia humo mahali ambapo wanyama wadogo hawaufikii. Na wataka viumbe wa kuufanyia kazi: minyoo, konokono wadogo, majongoo wa baharini. Mchanga mrefu usio na wakazi ni kaburi lililocheleweshwa tu.

Sentimita sita

Sasa nifike mahali panaponichoma.

Mwaka 2014 kamati ndogo ya tangi ilikuwa na watu wanne. Wawili walitaka mchanga mfupi, kwa sababu ni rahisi kuusafisha. Mmoja alikuwa amesoma habari za mchanga mrefu, akataka sentimita 12. Mimi nilikuwa katibu. Nanyi mnajua, ndugu zangu, tabia yetu sisi watumishi wa ofisini. Pakiwa na pande mbili zinazovutana, twatafuta katikati, twaandika muhtasari, na kila mtu anakwenda nyumbani ameridhika. Nikapendekeza sentimita 6. Wote wakakubali. Niliona fahari ya kuwapatanisha.

Kisha nikaandika maelekezo ya utunzaji, ukurasa mmoja uliopigwa chapa, ukabandikwa ukutani juu ya tangi. Nikayaandika nikifikiria mitambo ya kazini kwangu, ile ya mwendo wa haraka. Ibara ya 5 ilisema hivi: kila mwaka, wakati wa likizo ya Juni, mchanga wote ukorogwe mpaka chini na kuoshwa humo humo tangini. Mpira wa kunyonyea sikuutaja kabisa.

Angalieni nilichofanya. Niliweka mchanga wenye kina cha kutosha kuzika uchafu na kukosa oksijeni chini yake, lakini pasipo kina wala wakazi wa kuufanya kazi yake vizuri. Juu yake nikaandika sheria ya mchanga mfupi, tena mara moja tu kwa mwaka. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi zilinponyoka zote mbili.

Juni ya mwaka 2015 mchanga haukukorogwa, kwa kuwa maabara ilikuwa ikipakwa rangi. Kwa hiyo uchafu ulizikwa kwa miaka miwili. Juni ya mwaka 2016 Mzee wetu alisoma ibara ya 5, akakunja mikono ya shati, akatimiza alichoagizwa. Alikoroga mpaka chini. Aliniambia baadaye kwamba mchanga ulitoka mweusi kama masizi, na kwamba alisita akataka kuacha. Lakini karatasi ilisema wote, tena ilikuwa na jina langu na cheo changu. Jioni samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Akawasha pampu ya pili ya hewa, akakaa nao hadi usiku wa manane. Asubuhi hapakuwa na aliyebaki.

Sisemi kwamba sentimita 6 ni sumu popote. Wapo watu wenye mchanga wa kina hicho na mambo yao yanakwenda sawa. Kuna samaki wembamba wa miambani ambao usiku hujifukia mchangani walale. Mwenye kuwafuga hao hawezi kuwapa sentimita 2. Lakini yeye amechagua kina hicho kwa sababu anayoijua, na utunzaji wake ameufananisha nacho. Mimi nilikichagua ili kikao kiishe.

Nilijuaje? Miezi michache baada ya vifo vile nilichukua mitungi mitatu ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaiweka barazani kwangu. Wa kwanza nikautia mchanga wa sentimita 2, wa pili 6, wa tatu 12. Nikajaza maji ya bahari, na kila siku nikatia chembe za chakula cha samaki. Watoto wangu walidhani baba yao amechanganyikiwa. Baada ya miezi michache, ule wa kwanza ulikuwa mweupe juu hadi chini, umechafuka tu. Ule wa tatu ulikuwa na matabaka kama keki: rangi ya kahawia, kijivu, kisha weusi chini kabisa. Ule wa pili ulikuwa na madoa meusi hapa na pale. Nikachukua kijiko nikakoroga ule wa pili. Harufu iliyotoka niliitambua mara moja. Ilikuwa ile ile ya maabara. Nikakaa chini barazani, nikaona aibu.

Vijana, jaribio hilo mwaweza kulifanya wenyewe, na halina gharama ila mitungi na subira. Fanyieni nje, penye hewa.

Maswali matatu kabla ya kumwaga mchanga

Kutokana na hayo, nashauri tangi jipya lisiwekwe punje moja ya mchanga kabla kamati haijajibu maswali matatu kwa maandishi.

Swali la kwanza: Twataka mchanga ufanye kazi gani? Kama ni kupendeza na kuwapa samaki chini, sentimita 2 hadi 3 zatosha. Kama ni kuondoa nitrati, usiende chini ya sentimita 10. Kama ni kulaza samaki wanaojifukia, kina kifuate samaki huyo. Lakini kazi iandikwe kwanza, sentimita baadaye.

Swali la pili: Nani atautunza, tena wakati wa likizo? Mchanga mfupi wataka mikono kila wiki au kila wiki mbili, na asilimia 10 hadi 20 ya maji kubadilishwa kwa zamu hizo. Kwa tangi letu la lita 270 maana yake ni ndoo mbili hadi tatu za lita 20 kila mara. Shule inayotazama bahari haina udhuru wa kukosa maji hayo, ila yachotwe mbali na mifereji na wakati maji yamejaa. Mchanga mrefu hauhitaji mikono mingi, lakini wahitaji nidhamu ya kutougusa, na bweni la wavulana mia tatu halijulikani kwa nidhamu ya kutogusa vitu. Kadhalika umeme. Ukikatika na pampu zikasimama, kila kiumbe kilichomo tangini kinaendelea kuvuta oksijeni, na mchanga mrefu wenye maelfu ya viumbe huvuta nyingi zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwepo, kina chochote kitakachochaguliwa.

Swali la tatu: Meza na kioo vitabeba? Tufanye hesabu pamoja. Sakafu ya tangi letu ni sentimita 120 kwa 45, yaani sentimita za mraba 5,400. Kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4 za mchanga, na lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Kina cha sentimita 2.5 ni karibu kilo 20. Kina cha sentimita 12 ni karibu kilo 100, na hapo samaki wamebakiwa na sentimita 38 za kuogelea, kama maji yamefika ukingoni. Meza ya maabara iliyotengenezwa kubeba darubini isipewe mzigo huo bila fundi kuikagua, maana maji peke yake yapita kilo 270.

Nyongeza mbili za kiutendaji. Kwanza, mawe yawekwe kwanza juu ya sakafu ya tangi, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Jiwe lililokalia mchanga litachimbwa chini na kaa au samaki, na siku moja litaanguka juu ya kioo. Pili, mchanga uoshwe kabla ya kuingizwa, na upatikane kwa njia halali. Mchanga wa hifadhi za bahari hauguswi. Na hata pasipo hifadhi, tuombe ruhusa ya wenye mamlaka. Fukwe zetu zinaliwa na bahari, nasi hatutaki kufundisha elimu ya viumbe kwa kuwaondolea viumbe makazi yao.

Ushauri wangu kwa shule hii

Nimejibu maswali hayo kwa niaba ya shule hii, na kamati iko huru kunipinga. Kazi ya tangi letu ni kufundishia. Watunzaji ni wanafunzi wanaobadilika kila mwaka, chini ya mtumishi mmoja. Meza ni ya mbao. Kwa hiyo nashauri sentimita 2 na nusu, zisizidi 3, punje za milimita moja hivi ili zisipeperushwe na pampu, na mpira wa kunyonyea utundikwe pale pale ukutani. Nitrati iondolewe kwa ndoo na kwa mawe yenye vitundu.

Na kama mwalimu wa biolojia angependa wanafunzi wauone mchanga mrefu ukifanya kazi, njia ipo. Ndoo moja yenye kifuniko iwekwe pembeni, itiwe mchanga laini wa sentimita 20, na maji ya tangi yapitishwe juu yake polepole kwa pampu ndogo. Ndoo ikiharibika, yafungwa, na tangi laendelea. Kwa njia hiyo shule itapata vyote viwili, kila kimoja mahali pake, bila kuvichanganya katika sanduku moja kama nilivyofanya mimi.

Na maelekezo ya ukutani yaandikwe na yule atakayeyafuata, akishauriana na mwalimu. Yasiandikwe na bwana mkubwa anayekuja mara moja kwa mwaka kula pilau.

Neno la mwisho

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 2016 nilipata nakala ya ile barua ya onyo. Niliisoma ofisini. Ilisema mtumishi huyu ameua samaki kwa kutibua mchanga bila kufikiri. Nilijua kwamba alifuata ibara ya 5. Karatasi ile ilikuwa imekwisha kubanduliwa ukutani, na mwenye nakala nyingine nilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa bado sijafanya jaribio la mitungi, nikajiambia kwamba labda sababu ni nyingine. Nilipolifanya, nikajiambia kwamba mambo yamekwisha kupita. Mzee akastaafu mwaka uliofuata. Nikaendelea kunyamaza, na kila mwaka nilikuja hapa, nikampa mkono, nikamwuliza habari za nyumbani.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, najua uzito wa karatasi katika jalada. Mtu aweza kufanya kazi miaka 30 kwa uaminifu, na karatasi moja ikawa ndiyo inayosomwa.

Kwa hiyo leo nimemkabidhi Mkuu wa Shule barua yenye sahihi yangu, pamoja na nakala ya maelekezo niliyoandika mwaka 2014. Nimeomba barua ya onyo ifutwe kwa maandishi, na ufutaji huo uwekwe katika jalada hilo hilo. Posho aliyokatwa, kuanzia Julai 2016 mpaka siku ya kustaafu, nimeihesabu, nami nitailipa mwenyewe. Isitoke katika michango yenu.

Mzee wangu, nisamehe. Ulifanya nilivyokuagiza, na uliposita, mchanga ule mweusi ulikwambia ukweli kuliko karatasi yangu. Ningefurahi kama ungekubali kuwa wa kwanza kumwaga mchanga katika tangi jipya. Ni kilo 20 tu, na vijana hawa watabeba.

Ndugu zangu, karatasi ya michango iko mezani. Mnajua sasa mnachangia nini, na mnajua la kwanza liliharibiwa na nani. Mwenye swali aulize, na baada ya hapo tuwaachie vijana pilau yao.